Nyumba ya Mpasua Mbao: Ushahidi wa Mapatano Yasiyoandikwa



Mtu anayetaka kumwonyesha mgeni urithi wa nchi yake humpeleka kwenye ngome, kanisa kongwe, kasri au nyumba ya tajiri wa zamani. Ni nadra ampeleke kwenye nyumba ya mbao yenye vyumba vichache na paa la bati, iliyojengwa na mwajiri ili mpasua mbao apate pa kulaza ubavu. Hata hivyo, katika jimbo la Australia Magharibi, nyumba za namna hiyo katika mji mdogo wa Pemberton zimeandikishwa kwenye rejista ya urithi ya jimbo, ile ile inayolinda majengo makubwa ya serikali mjini Perth. Leo nakusudia kutetea uamuzi huo, ila si kwa sababu zinazotajwa mara kwa mara. Uzee haunitoshi, kwa kuwa nyumba hizi zina miaka mia moja na ushei tu. Wala sitajificha nyuma ya uzuri, maana waliozijenga hawakuutafuta. Ninachodai ni kwamba nyumba ya mfanyakazi wa mbao ina thamani kwa sababu ni ushahidi wa mapatano kati ya mwajiri na mwajiriwa, tena ushahidi ambao makaratasi ya ofisini hayawezi kuutoa. Tukilikubali hilo, itatubidi pia tubadili mawazo yetu kuhusu kipi hasa kinastahili kutunzwa na kipi kinaweza kuachwa kibadilike.

Tuanze na msitu wenyewe. Kusini-magharibi mwa Australia, katika nchi ya Wanoongar, wenyeji wa asili wa huko, hustawi miti miwili iliyotafutwa sana na wafanyabiashara: jarrah na karri. Jarrah ni mwekundu, mzito, na mchwa haupendi. Karri ni mrefu ajabu, hupita hata mita 80, na ubao wake hubeba uzito mkubwa, lakini ukilazwa ardhini huliwa. Kiwanda cha Jarrahdale kilianza kupasua magogo mwaka 1872, na kabla karne haijaisha vipande vya mbao hizo vilikuwa vimesafirishwa hadi London kutandikwa barabarani. Mwaka 1902 kampuni kadhaa ziliungana chini ya jina la Millars na kuitawala biashara hiyo. Serikali ya chama cha Labor chini ya John Scaddan, iliyoshika madaraka mwaka 1911, iliona kwamba dola nayo inaweza kupasua mbao, ikaanzisha viwanda vyake. Kiwanda cha Pemberton kilianza kujengwa mwaka 1913 ili kutoa mataruma ya reli ya kuvuka bara, kutoka Kalgoorlie hadi Port Augusta, njia ya zaidi ya kilomita 1,600 iliyokamilika mwaka 1917. Kwa kuwa karri haistahimili mchwa, ilibidi mataruma yachemshwe ndani ya maji ya sukari yenye aseniki ili sumu izame ndani ya ubao. Kazi yote ilipigiwa hesabu namna hiyo: gogo litafikaje kiwandani, taruma litadumu miaka mingapi ardhini, na, katika orodha hiyo hiyo, mpasuaji atalala wapi.

Suala hilo la mwisho halikuwa dogo. Mgodi au bandari huweza kuota karibu na mji uliopo, lakini kiwanda cha mbao hufuata miti, na miti ilikuwa mahali pasipokuwa na duka, shule wala nyumba ya kupanga. Mseja angeweza kulala kwenye kibanda cha chumba kimoja na kula kwenye bwalo. Lakini mseja huondoka akisikia kuna mshahara mzuri zaidi kwingine, na mwendesha msumeno mzoefu hapatikani njiani. Mwenye mke na watoto hafungi mzigo kirahisi. Kwa hiyo mwajiri, awe kampuni au serikali, alijenga nyumba za familia kwa sababu ile ile iliyomfanya anunue boila na kutandika reli ya kuvutia magogo: bila hizo, kiwanda hakiendi. Nyumba ilikuwa chombo cha uzalishaji. Kodi ilikatwa kwenye mshahara, na haki ya kukaa ilitokana na kazi. Aliyeachishwa kazi aliachishwa na nyumba. Wasomaji wanaozijua kota za reli au za mashamba ya mkonge hawahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa tuitazame nyumba yenyewe, jinsi ilivyokuwa katika miji mingi ya mbao ya jimbo hilo. Imeinuliwa juu ya nguzo fupi za jarrah, na juu ya kila nguzo kuna kifuniko cha bati kinachomzuia mchwa kupanda kwenye sakafu. Fremu ni mbao, kuta ni mbao zilizopigiliwa kwa kulaliana, sakafu ni mbao. Paa ni la mabati, likishuka mbele kufunika baraza nyembamba. Vyumba vya mbele ni vya kulala na kukaa. Nyuma yake ni jiko lenye tanuri la kuni na dohani. Bafu halimo ndani. Nguo hufuliwa kwenye kibanda cha pembeni chenye sufuria kubwa ya kuchemshia, na choo kiko mwisho wa kiwanja. Nyumba ya jirani ni hiyo hiyo, na ya tatu vilevile, kwa sababu ramani ilikuwa moja, na seremala aliyejenga ya kwanza angeweza kujenga ya kumi bila kuitazama karatasi tena.

Mtu akizisoma sehemu hizi mojamoja, kitu kimoja kitamshangaza. Mbao za kuta na sakafu ni za jarrah, mti ambao leo wenye fedha huununua kwa bei kubwa kutengenezea meza na ngazi. Mbao za miti mikubwa ya kale, zenye nyuzi zilizosongamana, zilipigiliwa pale kama bidhaa ya kawaida, kwa sababu kiwanda kilikuwa hatua chache tu na usafiri haukugharimu kitu. Ardhi nayo haikuwa haba, msitu ukifyekwa uwanja ulikuwepo. Kwa hiyo ufinyu wa vyumba hauwezi kuelezwa kwa uhaba wa mbao wala kwa uhaba wa kiwanja. Tunaweza kutaja gharama ya mabati, misumari na vioo, vilivyoletwa kutoka mbali, na ujira wa maseremala. Ni kweli vilipunguza ukubwa kwa kiasi fulani. Lakini kuongeza chumba kimoja pale ambapo ubao ulikuwa wa bure, au karibu na bure, kungeongeza gharama kidogo tu. Chumba hicho hakikuongezwa kwa sababu kulikuwa na kipimo kichwani mwa mtu, kipimo cha mahitaji ya mfanyakazi na mkewe na watoto wao. Ubao ulitolewa kwa ukarimu, nafasi ikatolewa kwa ubahili. Tofauti hiyo ndiyo ushahidi ninaouzungumzia, na haionekani popote ila ndani ya nyumba yenyewe.

Enzi hiyo hiyo swali la mahitaji ya mfanyakazi lilifika mahakamani. Mwaka 1907, katika shauri linalojulikana kwa jina la Harvester, Jaji Henry Bournes Higgins aliulizwa mshahara wa haki ni upi kwa kibarua asiye na ufundi. Alisikiliza ushahidi wa bei ya kodi, nyama, mkate na kuni katika kaya ya watu wapatao 5, akaamua kwamba mshahara huo usipungue shilingi 7 kwa siku. Hukumu yake inasomwa mpaka leo kama msingi wa sera ya mishahara ya Australia. Nyumba ya Pemberton ni jibu jingine kwa swali lile lile, lililotolewa miaka michache baadaye kwa mbao na misumari. Jaji alijibu kwa fedha, na fedha inaweza kutumika huku au kule. Mwajiri alijibu kwa vyumba, na chumba hakibadiliki: kitanda kinaingia au hakiingii. Inafaa kukumbuka kwamba mwajiri wa Pemberton alikuwa serikali ya chama cha wafanyakazi. Ukiweka nyumba zake kando ya zile za Millars kule Yarloop, utaona zote ni za ukoo mmoja. Anayedhani nyumba ndogo ya kota ilikuwa ujanja wa bepari peke yake atapata tabu kueleza mfanano huo. Kinachojitokeza ni fikra ya enzi nzima, iliyoshikwa na wapinzani wa kisiasa bila wao kujua kwamba wanaishiriki. Na mwaka 1961 serikali nyingine ilipoviuza viwanda vya dola kwa kampuni ya Hawker Siddeley, mwenye nyumba alibadilika, vyumba vikabaki vilevile.

Ikiwa thamani ya nyumba ni ushahidi, basi nyumba moja peke yake ni ushahidi pungufu. Mfano mmoja uliohamishiwa kwenye uwanja wa makumbusho, ukapakwa rangi na kuwekewa pasi ya mkaa mezani, utatueleza jinsi familia ilivyopika. Hautatueleza kwamba majirani wote walikuwa na ramani ile ile, wala kwamba nyumba ya meneja ilikuwa kubwa zaidi na ilisimama mbali kidogo na kelele. Hautatueleza umbali wa kutoka kitandani hadi kwenye msumeno, umbali uliopimwa ili king'ora kikilia kila mtu asikie. Mpangilio ndio sentensi, nyumba moja ni neno tu. Ndiyo maana kule Pemberton kilichoandikishwa ni eneo zima la nyumba za wafanyakazi. Mto Donnelly unatupa mfano mwingine wa kufikiria. Kiwanda cha huko kilifungwa mwaka 1978, na nyumba zake zikageuzwa kuwa malazi ya watalii. Mpangilio umesalia, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mgeni anayelipa kwa usiku mmoja hawezi kuhisi uzito wa nyumba inayokwenda na kazi. Hapo maelezo ya maneno lazima yasimame pamoja na mbao, la sivyo kijiji kitageuka pambo la likizo.

Wapo watakaopinga kwamba nyumba hizi ni za kawaida mno: zilijengwa kwa mamia, na kitu cha kawaida hakihitaji ulinzi. Pingamizi hili lina nguvu mpaka mtu atazame kilichotokea. Miji ya mbao ilijengwa kwa mbao ndani ya msitu unaoungua. Mwaka 1961 moto uliteketeza Dwellingup, pamoja na Holyoake na Nanga Brook, na wiki chache baadaye Karridale nayo ikaungua. Januari 2016 moto ulifika Yarloop, ukaua watu 2, ukamaliza karakana za kihistoria za Millars na sehemu kubwa ya nyumba za mji. Nyumba nyingine hazikuungua, zilibomolewa au kupakiwa na kuhamishiwa kiwanda kipya miti ilipokwisha, kwa maana zilikusudiwa kuwa za muda. Vitu vya kawaida ndivyo vinavyotoweka bila kilio, kwa sababu kila mtu anaamini vingine vimebaki mahali fulani. Kasri likibomoka, magazeti huandika. Safu ya kota ikiondoka, watu hugundua baada ya miaka kwamba ile ilikuwa ya mwisho kwa namna yake. Isitoshe, ukawaida ni sehemu ya ushahidi: nyumba ya pekee ingetueleza habari za mtu mmoja, nyumba iliyorudiwa mara mia inatueleza kanuni.

Pingamizi la pili ni la mafundi. Wanasema nyumba ya mbao haidumu. Baada ya miaka mia, bati limebadilishwa, ubao wa baraza ni mpya, madirisha si yale. Uhalisi uko wapi? Swali hili lilijadiliwa na wataalamu wa dunia mwaka 1994 katika mji wa Nara, Japani, nchi ambako hekalu kuu la Ise hujengwa upya kila miaka 20 na bado ni lile lile. Hati iliyotoka Nara ilikubali kwamba uhalisi hauwezi kupimwa kwa kipimo kimoja kila mahali: umbo, matumizi, ufundi na mahali vinahesabiwa pia, si malighafi pekee. Sisi wa pwani hatukuhitaji mkutano kulijua hilo. Nyumba inayoezekwa makuti mapya kila baada ya miaka michache haijawahi kuitwa nyumba mpya. Hata hivyo sitaki kulichukulia pingamizi hili kirahisi. Katika nyumba ya mpasua mbao, ubao wa zamani unabeba habari ambayo ubao mpya haubebi: ukubwa wa mti uliotoka, alama za msumeno, tundu za misumari zinazoonyesha ukuta uliohamishwa. Kwa hiyo kubadilisha kuruhusiwe pale palipooza, na si kwa sababu ubao mpya unapendeza macho.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wanaoishi humo, na hili ndilo linalostahili heshima kubwa kuliko yote. Mtu mwenye nyumba ndogo, baridi na isiyo na bafu la maana ana haki gani ya kufanywa mlinzi wa historia bila malipo? Kumlazimisha kuishi katika ufinyu uliopangwa mwaka 1913 ni kurudia kosa lile lile la kumpimia mwenzio mahitaji yake. Jibu langu ni kwamba hoja ya ushahidi inampa nafasi pana kuliko hoja ya uzuri. Mpenda uzuri atataka kila kitu kibaki safi na kilekile. Anayetafuta ushahidi atauliza tu ni sehemu zipi zinazobeba habari. Umbo la paa, baraza, nafasi kati ya nyumba na nyumba, na mfanano wa safu nzima vinabeba habari nyingi, vibaki. Nyuma ya nyumba ni habari tofauti. Huko ndiko familia zilikoongeza chumba, zikaingiza bafu, zikaziba baraza ili watoto wapate pa kulala. Nyongeza hizo si uharibifu. Ni majibu ya wapangaji kwa ramani ya mwenye nyumba, yaliyojengwa polepole kwa mbao zilizopatikana. Mkaaji wa leo anayejenga bafu jipya upande huo anaendeleza mazungumzo yale yale. Kanuni iliyokubaliwa Australia mwaka 1979, kwa jina la Mkataba wa Burra, inaelekea huko huko: elewa kwanza thamani ya mahali, kisha badilisha kwa uangalifu na kwa kiasi kinachohitajika.

Mji huo wa Burra wenyewe ni sehemu ya hoja. Uko Australia Kusini, na ulikuwa mji wa mgodi wa shaba. Kati ya mwaka 1849 na 1852 kampuni ya mgodi ilijenga pale safu za nyumba ndogo za mawe, zinazoitwa Paxton Square, kwa ajili ya wachimbaji na familia zao. Wengi wao walikuwa wakiishi kwenye mapango waliyoyachimba wenyewe kwenye kingo za kijito, wakistahimili mafuriko na maradhi, lakini bila kumlipa mtu kodi. Mtu akisoma ripoti za kampuni peke yake ataona maendeleo: kutoka pangoni hadi nyumba ya mawe. Akiyatazama mapango yaliyobaki na nyumba za mawe kwa pamoja, ataona pia ubadilishanaji: usalama na ukavu kwa upande mmoja, kodi na utii kwa upande mwingine. Hakuna aliyeyaandika mapatano hayo, lakini yamesimama pale.

Pingamizi la mwisho ni zito zaidi kimaadili. Nyumba hizi zilijengwa kwa miti iliyokatwa katika ardhi ya Wanoongar, ambao hawakuulizwa, na viwanda vilivyozizaa vilimaliza misitu isiyorudi katika umri wa binadamu. Kuanzia mwaka 2024 serikali ya jimbo imesitisha ukataji wa kibiashara wa mbao katika misitu ya asili. Je, si ajabu kufunga msumeno na papo hapo kuitukuza nyumba ya mwenye msumeno? Ingekuwa ajabu kama kuandikisha kungekuwa kutukuza. Lakini shahidi haitwi mahakamani kwa sababu ni mwema, huitwa kwa sababu alikuwepo. Ukuta wa jarrah iliyokomaa karne nyingi, uliopigiliwa kwenye banda la bei nafuu, unaeleza jinsi msitu ulivyoonwa kuwa hauna mwisho, kwa uwazi kuliko takwimu yoyote ya hekta. Wala mpasua mbao si kitu kimoja na faida ya mbao. Yeye aliacha vidole kwenye msumeno, akaondoka na mzigo wake siku nyumba ilipodaiwa. Kuiondoa nyumba yake kwa jina la kuuonea huruma msitu kungemfuta aliyefaidi kidogo, na kuwaacha waliofaidi sana wakiwa na makasri yao yaliyoandikishwa. Kinachotakiwa ni kuongeza maelezo: kibao cha mji wa mbao kinachowataja wapasuaji na kunyamaza juu ya Wanoongar ni ushahidi uliokatwa katikati.

Nahitimisha kwa kipimo ambacho kamati ya urithi inaweza kukitumia kesho asubuhi. Isiulize kwanza kama jengo ni zee, zuri au la mtu mashuhuri. Iulize: kuna swali gani kuhusu maisha ya watu ambalo jengo hili linalijibu, na ambalo likiondoka hakuna karatasi, picha wala simulizi itakayolijibu kwa uhakika ule ule? Makasri mengi yatashindwa mtihani huo, kwa kuwa wenye makasri waliandika barua, wakachorwa, wakasomewa wasifu. Mpasua mbao hakupata hayo. Mwajiri wake aliandika idadi ya mataruma na kiasi cha mshahara, lakini hakuandika popote kwamba alimwona kuwa mtu wa vyumba kadhaa na asiyehitaji bafu. Alilijenga wazo hilo, akamkata kodi kwa ajili yake, na likabaki. Kwa kipimo hicho, safu ya nyumba za Pemberton haikuingizwa kwenye rejista kwa hisani. Inastahili kuwemo kuliko majengo mengi yaliyotangulia kuandikwa.